Vifurushi Arobaini na Vitatu vya Mbeluka

Kompyuta ya Ofisi ya Usajili wilayani Mbeluka ilipoteza vifurushi arobaini na vitatu vya programu siku ya Jumamosi, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Majina ya watu elfu arobaini na moja yalikuwa bado yamo ndani, salama kabisa. Ila kompyuta haikuweza tena kusoma alama ya kidole, wala kuchapa cheti, wala kuonyesha chochote zaidi ya kioo cheusi chenye maandishi meupe yanayolalamika.

Haikuibiwa. Haikupigwa na radi. Ilifanyiwa usafi.

Jamhuri ya Shwari, kwa wasioijua, ni nchi safi sana. Kila Jumamosi ni Siku ya Usafi wa Taifa, na kila ofisi ya serikali lazima ipeleke ripoti makao makuu kueleza imetoa takataka kilo ngapi. Ofisi isiyotoa takataka huhesabiwa kuwa inazificha. Ofisi ya Usajili ya Mbeluka ilikuwa na vyumba viwili, meza mbili na ufagio mmoja, na huo ufagio wenyewe ulikwishatolewa kama takataka tangu mwezi wa tatu. Jumamosi hiyo Msajili wa Wilaya, Ndugu Sefu Kihampa, alizunguka vyumba vyake mara tatu asione cha kutupa. Ndipo akawasha kompyuta. Akakuta humo vitu vyenye majina ambayo hajapata kuyasikia maishani, havina mhuri, havina sahihi, wala havina barua ya kuvitambulisha. Akavifuta kimoja baada ya kingine mpaka kompyuta ikazimika yenyewe. Akajaza ripoti yake: kilo arobaini na tatu.

Jumatatu saa mbili asubuhi akaletewa cheti cha pongezi. Kule Shwari cheti cha namna hiyo hakichelewi.

*

Cheti kilichochelewa kilikuwa cha Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alikuwa na miaka sabini na minane na ukungu katika macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wakija Mbeluka siku moja tu kwa mwaka, na mwaka huo siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo. Walikuwa hawamgusi mtu asiye na Cheti cha Kutambulika. Kwa hiyo Ijumaa ya wiki iliyotangulia bibi huyu aliamka alfajiri, akawa wa kwanza katika foleni ya watu mia mbili na kumi na wawili. Kihampa akachukua alama za vidole vyao wote, akabonyeza kuchapa, na printa ikamwambia haina karatasi.

"Rudini Jumatatu," akawaambia. "Karatasi zinakuja."

Jumatatu karatasi zilikuja kweli. Kompyuta ndiyo iliyokuwa imekwisha kuwa safi.

Bi Nyamizi alikuja siku hiyo akiongozwa na mwanawe, Makungu. Makungu alikuwa mtu wa miaka hamsini na mmoja, mwenye kibanda cha kutengeneza redio, majokofu, pasi, na kompyuta za watu wenye bahati mbaya. Alikuwa hana maneno mengi, na hayo machache hakuyapaka mafuta.

"Mfumo umechoka," Kihampa akawaeleza dirishani, kwa sauti ya daktari anayetoa habari za msiba. "Umefanya kazi mno."

"Nione," Makungu akasema.

"Una elimu gani, fundi?"

"Darasa la saba. Na la saba lenyewe nililiacha mwezi wa sita."

Kihampa akacheka, lakini watu mia mbili walikuwa wamesimama nyuma ya Makungu na jua lilikuwa kali, basi akafungua mlango. Makungu akakaa, akagonga vitufe, akasoma maandishi meupe polepole, midomo ikichezacheza. Kisha akageuka.

"Haijachoka. Imenyang'anywa vitu vyake. Nani alivitoa?"

"Hapa pamefanyika usafi."

"Usafi gani wa kutupa masufuria, jiko na mwiko?"

"Angalia lugha yako, fundi. Ofisi hii ina cheti."

Makungu akamweleza kama mtu anavyomweleza mtoto wa jirani. Kompyuta ina daftari lake ndani, linaandika kila kifurushi kilichowahi kuwekwa. Daftari lipo. Unalifungua, unalinganisha kilichoandikwa na kilichopo, unajua kilichokosekana. Unachukua diski iliyokuja na mashine, unavirudisha hivyo hivyo vilivyokosekana, basi. Hufuti kitu. Majina huyagusi, chakula bado kimo ghalani, ni vyombo vya kupikia tu vilivyotupwa.

"Nusu saa," akasema. "Nipe diski."

Kihampa akanyoosha kidole ukutani.

Diski ilikuwa imetundikwa pale juu ndani ya fremu ya kioo, imezungushiwa utepe mwekundu, na chini yake pana kibao cha shaba: DISKI HII ILISHIKWA NA MHESHIMIWA WAZIRI SIKU YA UZINDUZI. Kila wilaya ya Shwari ilikuwa na diski yake ukutani namna hiyo. Na kuvipata vifurushi kwenye mtandao kulikuwa hakuwezekani, kwa sababu mtandao wa taifa ulikuwa umezimwa tangu mwezi uliopita ili uzinduliwe.

"Ile ni mali ya Idara ya Makumbusho," Kihampa akasema. "Hata mimi huwa naifuta vumbi kwa macho."

*

Hapa inafaa msomaji ajue kwamba Shwari haina Wizara ya Matengenezo. Iliwahi kuwa nayo. Ikavunjwa, kwa hoja iliyopita bungeni bila kupingwa, kwamba kutengeneza kitu ni kukiri hadharani kwamba kiliharibika. Mahali pake ikaundwa Wizara ya Kuanza Upya. Bomba la sokoni Mbeluka lilipochakaa mpira wake mdogo wa ndani, Wizara haikuleta mpira. Ilizindua bomba jipya kando ya lile la zamani. Sasa sokoni kuna mabomba matano yamesimama mstari mmoja, yamepakwa rangi nzuri, na wanawake huyapita wakienda kuchota maji kisimani.

Kwa hiyo Kihampa alikuwa ameshafanya lililo sahihi. Alikuwa amepeleka taarifa wizarani, na wizara ikajibu siku hiyo hiyo: Mheshimiwa Waziri angefika Ijumaa, akielekea kwenye harusi, aifute kompyuta yote na kuuanzisha Usajili upya.

"Aifute yote?" Makungu akauliza. "Na majina?"

"Kila mwananchi atasajiliwa upya. Ni rahisi tu. Atakuja na mashahidi wawili waliomwona akizaliwa."

Bi Nyamizi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akimtazama Kihampa kwa kuelekea upande ilikotoka sauti, akauliza, "Mwanangu, umesema mashahidi wa nini?"

"Wa kuzaliwa kwako, bibi."

"Mkunga wangu alikufa mimi sijaota meno. Mama yangu namjua kaburi lake tu. Nimfukue aje asaini?"

"Bibi, taratibu ni taratibu. Kama kaburi lina namba, tutazungumza."

"Aa! Na wewe nani alikuona ukizaliwa? Maana mimi nikikusikiliza siamini kama jambo hilo lilifanyika."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kihampa akafunga dirisha akasema ni wakati wa chai.

*

Jumanne Makungu alikwenda Makumbusho kuomba diski. Makumbusho wakataka barua kutoka kwa Msajili. Msajili akasema hawezi kuandika barua bila maombi ya maandishi. Maombi yakataka mhuri wa wilaya. Mwenye ufunguo wa kabati la mhuri alikuwa kwenye semina ya kupunguza urasimu, iliyokuwa imeongezewa siku tatu ili washiriki wajaze fomu. Jumatano mhuri ukapatikana, na Makungu akarudi Makumbusho na barua kumi na moja zimebanwa pamoja.

Karani akazipitia zote, moja moja, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Zimekamilika," akasema. "Imebaki Cheti chako cha Kutambulika."

"Kinatolewa wapi?"

"Ofisi ya Usajili."

"Kompyuta ya kukitoa ndiyo naombea diski."

"Pole sana, kaka. Hilo ni la Usajili, siyo letu."

Makungu alirudi kibandani, akakaa juu ya jokofu bovu. Kompyuta anazijua. Nazo zina tabia hiyo: kifurushi hiki hakikubali kuingia mpaka kile kitangulie, na kile mpaka cha tatu. Lakini kompyuta husema yote kwa mara moja, kabla hujaanza, na ukiitimizia haizui jingine. Alitamani serikali ya Shwari ingekuwa na adabu ya kompyuta.

Jioni mama yake alimuuliza, "Imekuwaje?"

"Bado."

"Usinifiche. Nimezeeka macho, masikio bado mapya."

"Wanataka kufuta kila kitu, mama. Ijumaa hiyo hiyo."

Bi Nyamizi akapapasa kikombe chake cha chai mpaka akakipata. "Mimi nilitaka nimwone huyu kitukuu wangu," akasema. "Wanasema amefanana na marehemu baba yako. Nataka nihakikishe mwenyewe, maana nyie mnapenda kudanganya."

*

Alhamisi akawasili Afisa Itifaki wa wizara, Bi Rukonge, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni. Alikuja na mahema mawili, zulia jekundu, utepe wa mita sita na kitufe cha kubonyeza kikubwa kama sinia la pilau. Fundi wa kuunganisha nyaya hakuja, kwa kuwa alipandishwa cheo njiani. Wakaulizia fundi mwingine mjini, wakaelekezwa kwa Makungu.

"Kitufe hiki utakiunganisha na kompyuta," Bi Rukonge akamwamuru. "Mheshimiwa akikibonyeza, kila kitu kinafutika."

"Kisha mfumo mpya unaingia?"

"Hilo liko awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

Bi Rukonge akamtazama kwa huruma. "Fundi, kwa nini unaharakisha mambo? Hata awamu ya pili ya bomba lenu bado inakuja."

Alipotoka kwenda kupima zulia, Makungu akamfuata Kihampa, aliyekuwa akijaribu koti la sherehe mbele ya dirisha.

"Ndugu Msajili. Na wewe umo humo ndani?"

"Ndani ya nini?"

"Kompyuta. Jina lako, na tarehe yako ya kuzaliwa."

"Nimo, kama raia yeyote."

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na minne."

"Mwaka juzi ulikuwa na hamsini na minne. Nilikutengenezea pasi ukaniambia. Mwaka ule wa bomba la tatu pia ulikuwa na hamsini na minne. Shwari mtu anastaafu hamsini na mitano, si ndiyo?"

Kihampa akaacha kufunga kifungo.

"Mimi sisemi kitu," Makungu akaendelea. "Nauliza tu. Majina yakifutwa, mashahidi wako wa kuzaliwa watakuwa nani? Si kaka yako mkubwa, yule anayependa kusema kweli?"

Kihampa akakaa kitini polepole. Nje Bi Rukonge alikuwa akipulizia filimbi watu wa zulia.

"Hiyo kazi yako," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, "ulisema ni nusu saa?"

"Nikiwa na diski."

"Mimi diski sijui habari zake. Ila kesho pale ukutani inatakiwa ikae picha mpya ya Mheshimiwa, na msumari ni mmoja. Mtu ataambiwa aondoe kilichopo. Na kilichoondolewa ukutani, kwa mujibu wa mwongozo wa usafi, ni takataka. Takataka kila mtu ana haki ya kuibeba."

*

Ijumaa saa nne Mheshimiwa Sostenes Ngalapa, Waziri wa Kuanza Upya, akapanda jukwaani. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Barabara zote za Mbeluka zilikuwa zimefungwa. Watu mia mbili na kumi na wawili, waliokuja kuulizia vyeti vyao, walipangwa mistari wakapewa bendera, na Bi Nyamizi akiwa mbele kabisa.

"Wananchi wa Mbeluka!" Waziri akaanza. "Kuna nchi, sizitaji, ambazo kitu kikiharibika wanakitengeneza. Wanashona! Wanaziba! Wanakaza skrubu! Sisi siyo watu wa skrubu. Sisi ni watu wa ukurasa mpya! Na ukurasa mpya ukiandikwa vibaya, tunafanyaje?"

"Tunaanza upyaaa!" umati ukaitikia, kama ulivyofundishwa na filimbi.

Chumba cha nyuma, Makungu alikuwa ameshavunja fremu kwa bisibisi. Diski ilikuwa na alama ya kidole cha Waziri wa zamani, ikabidi aifute kwa shati. Akaiingiza. Akafungua daftari la kompyuta, akalinganisha, vikatoka arobaini na vitatu kamili, wala hakikupungua kimoja. Akaviamuru virudi. Kompyuta ikamwambia cha kidole kinakisubiri cha picha, cha picha kinakisubiri cha herufi. Akaanza na cha herufi. Kihampa alisimama mlangoni amempa mgongo, akipiga makofi kila hotuba ilipotulia, masikio yakivizia hatua.

"Vipi?" akanong'ona.

"Kumi na tisa."

"Ameingia kwenye historia ya babu yake. Una muda."

Kazi ilichukua dakika ishirini na sita. Kioo cheusi kikang'aa, nembo ya taifa ikatokea, na chini yake majina, yote elfu arobaini na moja, Nyamizi akiwemo, na Kihampa mwenye miaka hamsini na minne akiwemo. Makungu akachomoa waya wa kitufe uliokuwa uende kwenye kompyuta, akaufunga kwenye feni ya dari. Kisha akangoja, kwa sababu hotuba ilikuwa bado haijafika nusu.

Saa sita na dakika kumi Waziri akakata utepe, akaingia ofisini na watu wake, akaweka kiganja juu ya lile sinia, akabonyeza. Feni ikazunguka kwa kishindo. Karatasi za hotuba zikaruka hewani.

"Upepo wa mabadiliko!" akapaza sauti mpambe mmoja, na makofi yakalipuka.

Wakati huo Makungu akawasha printa. Kilichofuata hakukipanga, alikuwa amekisahau. Kompyuta ni kiumbe mwenye kumbukumbu: vile vyeti mia mbili na kumi na viwili vilivyokosa karatasi wiki iliyopita vilikuwa bado vimo ndani, vimejipanga kwenye foleni, vinangoja tu kifurushi cha kuchapia kirudi. Vikaanza kutoka kimoja kimoja.

Waziri akatazama printa, kisha akatazama kiganja chake.

"Mmeona?" akasema taratibu. "Sijaondoa hata mkono, watu wameshaanza kusajiliwa."

Cheti cha kwanza kilikuwa cha Bi Nyamizi. Makungu akanyoosha mkono akichukue. Bi Rukonge akawahi.

"Cheti cha kwanza cha zama mpya!" akatangaza. "Fremu!"

Kabla Makungu hajafunga mdomo, Waziri alikuwa ameshatia sahihi pembeni, cheti kimetiwa katika fremu iliyokuwa ya picha yake, kimezungushiwa kipande cha utepe na kutundikwa kwenye ule msumari mmoja. Wakapiga picha. Kisha wakaenda kula ng'ombe.

Makungu akamgeukia Kihampa. "Nichapie kingine."

"Mtu mmoja cheti kimoja. Cha pili mpaka alete taarifa ya polisi kwamba cha kwanza kimepotea."

"Hakijapotea. Kile pale."

"Ndiyo maana haiwezekani."

Makungu akapanda kwenye meza na viatu vyake, akaing'oa fremu pamoja na msumari, akatoka.

*

Hospitali ilikuwa mbali kiasi cha dakika kumi na tano kwa baiskeli. Madaktari wangefunga kazi saa tisa. Makungu akampakia mama yake nyuma, akamkabidhi fremu aikumbatie, akakanyaga. Njia panda wakasimamishwa na askari.

"Barabara imefungwa, mzee. Msafara wa..." Askari akaona utepe, akaona sahihi. Akakaza viatu, akapiga saluti. "Kitu kilichozinduliwa!"

"Tupishe basi, afande. Tuna haraka."

"Siyo kupishwa tu. Kitu kilichozinduliwa kinasindikizwa. Kwa mwendo wa heshima."

Mwendo wa heshima wa Jamhuri ya Shwari ni hatua moja, kutulia, hatua nyingine. Askari akatangulia mbele. Makungu akakokota baiskeli nyuma yake, jasho likimtiririka, na Bi Nyamizi juu ya kiti amekumbatia jina lake mwenyewe nyuma ya kioo.

"Makungu," akauliza baada ya kitambo, "mbona kama tunazika mtu?"

"Kaza moyo, mama."

"Mwambie huyo mwenye viatu nimeshatambulika. Akimbie."

Askari hakugeuka. Walifika saa nane na nusu. Nesi akaikagua fremu mbele na nyuma, akasema cheti ni halali ila muda umebaki wa jicho moja, achague. Bi Nyamizi akachagua la kulia, kwa sababu kitukuu wake, alisema, hubebwa mkono wa kulia.

*

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Saa mbili na nusu asubuhi, kabla Kihampa hajaanza kuzunguka vyumba vyake, Makungu alimletea mlangoni gunia la mabati ya redio, nyaya zilizoungua na milango ya majokofu. Akamwambia atupe hayo, na kompyuta asiiguse.

Hesabu yenyewe ni hii. Kompyuta ya Mbeluka kurudishiwa vitu vyake ilichukua siku saba, barua kumi na moja, mahema mawili, utepe mita sita, hotuba moja ya saa mbili na dakika kumi, ng'ombe mmoja, fremu mbili na feni moja iliyoungua alasiri hiyo hiyo kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuizima. Kutoka kibanda cha Makungu, kilo arobaini na tatu za takataka kila Jumamosi, mpaka Kihampa atakapofikisha miaka hamsini na mitano. Kutoka kwa Bi Nyamizi, jicho la kushoto, mpaka mwakani.

Kazi yenyewe, dakika ishirini na sita.